Joto, Halijoto na Kupoza: Kompyuta katika Nyanda za Kati

Mfasiri wa miongozo ya mitambo huchukua tahadhari anapokutana na maneno mageni, lakini neno joto hulipita bila kulitazama mara mbili. Ni neno la kila siku. Mtoto analijua, na bibi yake analijua. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kompyuta zilivyopozwa nchini tangu zilipoingia, na kuonyesha, kwa mfano wa Dodoma, kwamba uzembe katika neno hilo na katika jirani yake, kupoza, hauishii kwenye karatasi. Huishia ndani ya mashine.

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, na kama mashine zote za kizazi chake ilihitaji chumba chake yenyewe. Aliyetaka kuipoza alipoza chumba kizima, na kwa kazi hiyo neno kiyoyozi lilitosha. Kufikia mwaka 1974 kompyuta nchini zilikuwa saba, na mwaka huohuo Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Si ajabu, basi, kwamba katika miaka ile msamiati wa kupoza kompyuta haukuwa na watumiaji wengi. Waliouhitaji walikuwa wachache, nao walizungumza kwa lugha ya vitabu vya watengenezaji.

Kompyuta ya mezani ilibadili mambo polepole. Ile iliyotolewa na IBM mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 iliyotumia umeme kidogo sana, kiasi kwamba haikuwekewa kitu chochote cha kuipoza. Hewa iliyopita ndani ya kasha iliitosha. Mambo hayakukaa hivyo. Prosesa ya Pentium ya mwaka 1993 ilitumia wati 15 hivi, na kwa kawaida ilivishwa bamba la chuma lenye mapezi na feni ndogo juu yake. Kufikia mwaka 2004 baadhi ya prosesa za Pentium 4 zilikuwa zimepita wati 100, zote zikitoka katika kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mwaka huo Intel iliacha mradi wa prosesa iliyokusudiwa kufuata, na sababu kubwa ilikuwa joto. Tangu hapo watengenezaji wameelekea zaidi kuweka prosesa kadhaa zinazofanya kazi pamoja kuliko kuikimbiza moja mpaka ichemke.

Sasa tuje Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, lakini watumishi wengi wa wizara walihama baada ya mwaka 2016. Pamoja nao zilihama kompyuta zilizozoea hewa ya pwani. Wengi walidhani kwamba zimekwenda mahali pa joto zaidi. Sivyo. Mchana wa Oktoba au Novemba Dodoma hufika nyuzi 31 hivi, kiasi ambacho Dar es Salaam nayo hufika, na usiku wa Julai Dodoma ni baridi kuliko pwani. Tofauti iko kwingine. Kwanza, mji uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya nane. Feni ikizunguka kwa mwendo uleule, husukuma hewa pungufu kwa uzito, na hewa hiyo hubeba joto pungufu. Pili, kuna vumbi. Kuanzia Juni mvua zikiwa zimekatika, upepo huinua udongo mwekundu na kuupenyeza kila mahali.

Wagogo walikwisha kulitatua tatizo la joto la mchana kwa namna yao. Tembe, kwa paa lake tambarare la udongo na kuta zake nene, hupokea joto la jua taratibu na kulitoa taratibu, hata mchana ndani kukawa na nafuu. Mtungi nao hupoza maji kwa sababu maji yanayochuja ukutani mwake hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Katika hewa kavu ya Dodoma hufanya kazi hiyo vizuri kuliko katika hewa nyevu ya pwani. Ofisi ya paa la bati haina faida ya tembe. Mtumishi wake ana machaguo mawili yasiyopendeza: afungue dirisha aingize vumbi, au alifunge abaki na joto.

Hapa ndipo maneno yanapoingia. Joto ni nguvu inayotoka kitu kimoja na kwenda kingine. Halijoto, ambayo wengine huiita jotoridi, ni kipimo cha jinsi kitu kilivyo moto au baridi, nacho husomwa kwa nyuzi. Sentensi “feni hupunguza joto la prosesa” ni ya Kiswahili safi, lakini si kweli. Prosesa inayotumia wati 65 hutoa wati 65 za joto, iwe na feni au isiwe nayo. Feni huliondoa joto hilo lilipo, na kwa hiyo hupunguza halijoto ya prosesa. Joto lenyewe huhamia chumbani. Kompyuta 10 zinazotumia wati 100 kila moja ni sawa na pasi ya umeme ya wati 1,000 inayowaka kutwa nzima. Mwalimu aliyefundishwa kwamba feni hupunguza joto atafunga madirisha ya darasa la kompyuta kwa moyo mweupe, kisha ashangae.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kila wati huinua halijoto ya prosesa kwa nyuzi 0.5 juu ya ile ya hewa ya ndani ya kasha. Wati 65 zitaiinua kwa nyuzi 32.5. Hewa ya kasha ikiwa nyuzi 40, prosesa itakuwa kwenye nyuzi 72.5, nayo ni salama. Wepesi wa hewa ya Dodoma utaongeza nyuzi tatu au nne, si kitu. Lakini vumbi likiziba mapezi hata upoaji ukapungua kwa nusu, kila wati litainua nyuzi nzima, na prosesa itaelekea nyuzi 105. Prosesa nyingi za leo huwekewa kikomo karibu na nyuzi 100. Zikikikaribia hujipunguzia kasi, na hali ikizidi, kompyuta hujizima. Mtumiaji husema kompyuta imekuwa nzito. Anaitiwa virusi, diski inafutwa, na pengine mashine mpya inaagizwa kwa fedha za umma, ilhali dawa ilikuwa brashi laini.

Jirani wa joto ni kupoza. Kitu hupoa, mtu hukipoza. Kupooza ni jambo jingine: ni kupotewa na nguvu za viungo. Hata hivyo herufi moja huponyoka kwa urahisi, na mfano uko Dodoma kwenyewe. Kituo cha Zuzu, ambako msongo mkubwa wa umeme hushushwa kabla ya kusambazwa mjini, huandikwa pengine kituo cha kupoza umeme na pengine kituo cha kupooza umeme. Umeme hauna viungo vya kupooza. Kupoza, kwa maana ya kutuliza kilicho kikali, kunaeleweka, ingawa kinachoshuka pale ni volti, wala si nyuzi. Katika mwongozo wa kompyuta, “feni ya kupooza prosesa” inaahidi kinyume cha kinachotakiwa.

Limebaki lile bamba lenye mapezi. Tumekutana na mapendekezo ya kuliita kinyonyajoto. Hatulipendi, kwa sababu linadokeza kwamba joto limemezwa na kwisha. Kazi ya bamba ni kulieneza joto juu ya eneo kubwa ili hewa ilichukue, na kwa hiyo kitawanyajoto kinafaa zaidi. Rejeta, ambalo limekaa vinywani mwa madereva wa malori kwa miaka mingi, tungeliacha kwa kompyuta zinazopozwa kwa maji, kwani hizo zina rejeta kweli, na fundi wa gari lililochemka kule Kibaigwa angeitambua mara moja.

Kuna pia vile vitambaa vilivyodariziwa ambavyo hufunikwa juu ya kompyuta maofisini. Mashine ikiwa imezimwa, ni kinga nzuri dhidi ya vumbi. Ikiwa inafanya kazi, na kitambaa kikaziba matundu yake, ni blanketi.