Uchovu wa marubani: adui asiyeacha alama

Ndege inapoanguka, wachunguzi hukusanya vipande vya injini, hupima mabawa na kusikiliza vinasa sauti. Chuma kilichovunjika hueleza jinsi kilivyovunjika. Uchovu wa binadamu hauachi ushahidi wa aina hiyo. Ndiyo sababu usafiri wa anga ulikuwa umetimiza takriban miaka 90 kabla ya wachunguzi wa Marekani kuutaja rasmi uchovu wa marubani kuwa chanzo cha ajali.

Katika miaka ya mwanzo, kuushinda usingizi kulihesabiwa kuwa ushujaa. Mei 20, 1927, Charles Lindbergh alipaa peke yake kutoka New York bila ya kulala usiku uliotangulia, akatua Paris baada ya saa 33 na nusu. Baadaye alisimulia jinsi alivyopambana na usingizi juu ya bahari ya Atlantiki, hata akaona maumbo kama ya mizimu ndani ya ndege yake. Dunia ilimshangilia. Hakuwa na abiria nyuma yake.

Mashirika ya ndege yalipopanuka, marubani wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1931, na mwaka 1934 uamuzi wa bodi ya kazi uliweka kikomo cha saa 85 za kuruka kwa mwezi. Hata hivyo, kuhesabu saa za kuruka si sawa na kuhesabu saa za kuwa macho. Rubani anaweza kuruka saa chache tu, ilhali hajalala tangu jana yake.

Hayo yalidhihirika Agosti 18, 1993. Marubani wawili na mhandisi wa ndege ya mizigo aina ya DC-8 walikuwa wamefanya kazi usiku kucha nchini Marekani. Walipokuwa wakitarajia kwenda kupumzika, walipewa safari nyingine, ya kwenda kambi ya kijeshi ya Marekani ya Guantanamo, Cuba. Wakati wa kutua, rubani mkuu alikuwa macho kwa zaidi ya saa 23. Akili yake yote ilikuwa katika kutafuta taa inayoonyesha mpaka wa kambi na ardhi ya Cuba, taa ambayo siku hiyo haikuwa ikiwaka. Wenzake walimtahadharisha kwamba mwendo wa ndege unapungua. Yeye aliendelea kuuliza taa iko wapi. Ndege ilianguka kabla ya kuifikia njia ya kutulia.

Wote watatu walinusurika, ingawa waliumia vibaya, na kwa hiyo waliweza kueleza walilala lini na kwa muda gani. Kwa maelezo hayo, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani iliutaja uchovu miongoni mwa vyanzo vya ajali hiyo.

Sayansi nayo ilikuwa ikikusanya ushahidi wake. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kiwango cha ulevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi humzuia dereva kuendesha gari. Hatari zaidi ni kwamba mchovu, kama mlevi, mara nyingi hajijui.

Mei 22, 2010, uchovu ulisikika kwa sauti. Ndege ya Air India Express iliondoka Dubai usiku ikielekea Mangalore, India, ikiwa na watu 166, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa nchi za Ghuba na jamaa zao waliokuwa wakirejea nyumbani. Kinasa sauti kilichopatikana baadaye kilikuwa na mkoromo wa rubani mkuu, aliyelala kwa zaidi ya dakika 90. Alipoamka, akili yake ilikuwa bado na uzito wa usingizi. Ndege ilikuwa juu mno kwa kutua. Rubani msaidizi alimtaka zaidi ya mara moja apae tena, lakini hakusikilizwa. Ndege ilipita mwisho wa njia, iliyojengwa juu ya kilima, ikatumbukia bondeni na kuwaka moto. Watu 158 walikufa.

Mwaka uliotangulia, Februari 12, 2009, watu 50 walikuwa wamekufa karibu na Buffalo, Marekani. Wachunguzi walilaumu hasa jinsi rubani alivyoiendesha ndege, lakini waliona pia kwamba marubani wote wawili huenda walidhoofishwa na uchovu. Familia za marehemu zilifuatilia suala hilo Washington bila kuchoka, na sheria mpya zikatangazwa mwaka 2011. Kuanzia Januari 2014, rubani wa ndege za abiria nchini humo alipaswa kupewa mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 mfululizo. Aidha, kabla ya kila safari alipaswa kuthibitisha kwamba yuko katika hali ya kufaa kuruka.

Lakini sheria hizo ziliwaacha nje marubani wa ndege za mizigo, kwa hoja ya gharama. Ndege iliyoanguka Guantanamo mwaka 1993, ambayo kwayo uchovu ulipata jina katika kumbukumbu rasmi, ilikuwa ndege ya mizigo.