Visasili vya Nyanza Kusini na kejeli ya washairi wa kisasa

KARIBU na mji wa Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, lipo ziwa dogo la maji ya magadi ambalo halina mto unaoingia wala kutoka. Wanajiolojia hueleza kuwa ni shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano. Wenyeji wa Karachuonyo wana maelezo mengine, nayo yamo katika jina lenyewe: Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama.

Masimulizi hayo yanajulikana na kila mtoto aliyekulia pande hizo. Bikizee mgeni, aliyechoka na kuloa mvua, alifika kijijini usiku watu wakiwa katika karamu ya pombe. Akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, akamwotesha moto na kumpa chakula. Alipokuwa akiondoka, bikizee alimwonya mwenyeji wake atoke kijijini upesi. Kisha maji yakaja, wanywaji wakazama pamoja na vyungu vyao.

Kisasili cha namna hii kina sifa inayowavutia sana washairi wa leo: hukumu yake haimwangukii mwizi wala muuaji, bali watu waliokuwa wakistarehe. Hatia yao ni kutosikia hodi. Mshairi anayetaka kuwasuta wenye vyeo wanaokula na kunywa ilhali raia wamesimama mlangoni hahitaji kutaja jina la mtu. Akitaja Simbi, hadhira ya Homa Bay humaliza maneno yaliyobaki. Tena picha hiyo imepata uzito mpya, kwani mwaka wa 2020 na tena 2024 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiasi, yakafunika mashamba na makazi ya ufuoni, na waliozama safari hii hawakuwa wale waliokuwa karamuni.

Matumizi ya visasili vya kale katika ushairi wa kukosoa si mali ya eneo moja. Wole Soyinka wa Nigeria alimtumia mungu wa chuma, Ogun, katika utenzi wake Idanre uliotoka mwaka wa 1967. Derek Walcott wa kisiwa cha St Lucia aliwachukua mashujaa wa Homer akawageuza kuwa wavuvi maskini katika Omeros, mwaka wa 1990. Katika Afrika Mashariki, Ebrahim Hussein alitumia masimulizi ya kupigana na joka katika shairi lake la kidrama Ngao ya Jadi, la mwaka wa 1976, kuhoji uhuru uliopatikana na uozo uliofuata. Hata hivyo, ni nadra kupata mahali ambapo visasili vimekaa karibu na maisha ya kila siku kama zilipokuwa mipaka ya wilaya ya zamani ya Nyanza Kusini, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori. Huku mtu huweza kupanda matatu akaenda kukiona kisasili chenyewe, kikiwa ziwa, mwamba au kaburi.

Kazi ya kuyahifadhi masimulizi hayo kwa maandishi ilianza mapema. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi mwaka wa 1938, kitabu kilichoandikwa kwa Dholuo kuhusu mila na desturi za Waluo. Mwaka wa 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Owuor Anyumba, Ngugi wa Thiong'o na Taban lo Liyong walitoa waraka mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na nafasi yake ichukuliwe na masomo yatakayoiweka Afrika katikati. Mabishano hayo ndiyo yaliyofungua mlango wa fasihi simulizi kuingia vyuoni na baadaye katika shule za sekondari. Asenath Bole Odaga, ambaye pia alikuwa mchapishaji mjini Kisumu, aliandika tamthilia juu ya Simbi Nyaima, akatoa vitabu vya ngano na cha kufundishia fasihi simulizi.

Taban ndiye aliyesema waziwazi kile ambacho wengine walikifanya kimyakimya. Katika Eating Chiefs, mkusanyiko wa mwaka wa 1970, alizichukua hadithi za jamii za Waluo kuanzia Ziwa Lolwe (ndilo Victoria) hadi Malakal nchini Sudan ya wakati huo, akaziandika upya kwa mistari ya ushairi huru. Alieleza kuwa lengo lake ni kuwachochea waandishi waanzie pale fasihi ya kijadi ilipokomea. Baadhi ya wasomi walinung'unika kwamba anaharibu urithi. Malalamiko hayo hayana mashiko, kwa sababu msimulizi wa kijijini naye hakuwahi kuisimulia hadithi mara mbili kwa namna moja.

Kisasili kilicho na utajiri mkubwa zaidi kwa mkosoaji wa jamii ni kile cha Nyamgondho mwana wa Ombare, ambacho mandhari yake ni Nyandiwa, katika eneo la Gwassi, Homa Bay. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja mtego wake ulinasa, badala ya samaki, mwanamke mzee asiyependeza kutazama. Akamwoa. Tangu siku hiyo ng'ombe, mbuzi na kondoo walijaa bomani, naye akawa mtu wa kuheshimiwa, akaoa wake wengine, akazoea ulevi. Usiku mmoja alirudi akiwa amelewa, akakuta lango limefungwa, na mke yule alipokawia kumfungulia alimtukana na kumkumbusha kuwa yeye ni kitu kilichookotwa majini. Kulipopambazuka mwanamke alitoka, akatembea kuelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata hadi ndani ya maji. Nyamgondho alisimama ufuoni akiegemea mkongojo wake akitazama, hata akageuka mti. Wenyeji huwaonyesha wageni alama kwenye miamba wanazosema ni kwato za mifugo ile.

Usomaji wa kawaida, ule unaofundishwa watoto, ni kuwa mtu asiwe na kiburi wala asilewe. Usomaji huo ni sahihi lakini ni mwepisi. Jambo linalotetemesha ndani ya hadithi hii ni la umiliki. Kwa desturi ya Waluo, ng'ombe ni mali ya mwanamume mwenye boma. Kisasili hiki kinasema kinyume. Mali ilikuwa ya mwanamke tangu mwanzo, na mume alikuwa mgeni ndani ya utajiri ambao aliudhani wake. Mwanamke hakudai talaka wala mgao mbele ya wazee. Aliondoka tu, na mali ikajua mwenyewe ni nani.

Mshairi wa kisasa akiigusa sehemu hii anaingia moja kwa moja katika mjadala ulio hai. Katiba ya mwaka wa 2010 ilitamka usawa wa haki kati ya wanandoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 ikatambua mchango usio wa fedha, kama vile kazi za nyumbani na ulezi wa watoto. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa huo haumaanishi kugawa nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila upande uthibitishe mchango wake. Mke wa Nyamgondho hangekuwa na risiti yoyote ya kuonyesha. Ukweli huo peke yake watosha kuwa shairi.

Kuna usomaji mwingine, wa ziwa lenyewe. Sangara, ambaye wavuvi wa huku humwita mbuta, aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezaana mno, viwanda vya kusindika minofu ya kuuzwa Ulaya vikajengwa, na fedha zikamwagika katika fuo ambazo hazikuwahi kuziona. Aina nyingi za samaki wa kienyeji zilitoweka au kupungua sana. Kisha sangara naye akaanza kuadimika kwa kuvuliwa kupita kiasi, gugumaji likafunika ghuba katika miaka ya 1990, na mvuvi akabaki ufuoni na wavu mtupu. Asiyemwona Nyamgondho hapo, akiegemea mkongojo wake, ana macho mazito.

Uhaba huo ndio ulioota mizizi ya desturi iitwayo jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Homa Bay imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu kabisa vya maambukizi ya Ukimwi nchini Kenya, na Migori haiko mbali nayo. Katika kisasili, mwanamke anatoka majini na utajiri. Katika jaboya, mwanamke anaingia majini kuutafuta na anatoka na ugonjwa. Mgeuzo huo wa hadithi una ukali kuliko hotuba nyingi zilizotolewa juu ya janga hilo.

Si kila kisasili kinachofaa kutumiwa bila tahadhari. Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa kivulini, aliangamia baada ya mke aliyeolewa kutoka kwa maadui, Wanandi, kuigundua siri yake na kuipeleka kwao. Hadithi hii inafanana sana na ile ya Fumo Liyongo wa Pwani, aliyesalitiwa na mwanawe mwenyewe akachomwa sindano ya shaba kitovuni, kama alivyoisimulia Muhammad Kijumwa katika utenzi wake wa mwaka wa 1913. Kithaka wa Mberia aliufuata mkondo wa Liyongo katika tamthilia yake Kifo Kisimani, akiuelekeza dhidi ya utawala wa kimabavu. Okiya Omtatah, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kesi zake za kutetea umma na kuchaguliwa seneta wa Busia mwaka wa 2022, aliandika tamthilia ya Lwanda Magere iliyochapishwa mwaka wa 1991.

Tofauti kati ya hadithi hizi mbili haipaswi kupuuzwa. Liyongo aliuawa na damu yake, kwa hivyo lawama inarudi ndani ya nyumba na ndani ya utawala. Lawama ya Magere inamwangukia mwanamke, tena wa kabila jirani. Mshairi anayeikariri hivyo hivyo, katika nchi iliyopitia ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, hakosoi jamii bali anaiongezea kuni. Wapo wanaouliza swali tofauti: ni wazee gani walioshauri binti yule atumwe kwenda kuolewa na adui wa watu wake, na nani aliyemuuliza kama anataka?

Utumiaji wa mafumbo ulikuwa pia ngao. Daniel Owino Misiani, mwanamuziki wa benga aliyezaliwa Shirati, upande wa Tanzania wa mpaka unaopakana na Migori, alitunga kwa Dholuo nyimbo zilizojaa historia, visa vya Biblia na hadithi za wanyama. Mashabiki walimjua kama mfalme wa historia. Wakubwa wa serikali walijua fika kwamba wanyama wale hawakuwa wa porini, na Misiani alikamatwa zaidi ya mara moja kabla ya kufa katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, Mei 2006. Wanaotenga ushairi na nyimbo hukosa sehemu kubwa ya ushairi wa eneo hili, kwa maana mpiga nyatiti na mwimbaji wa benga walikuwa na hadhira ambayo hakuna diwani iliyowahi kuipata.

Jared Angira, mshairi Mluo aliyezaliwa mwaka wa 1947 na ambaye alijitangaza kuwa mwanafunzi wa Karl Marx, alichagua njia nyingine. Mashairi yake kuhusu wanasiasa na tamaa zao hupiga bila pazia, kwa Kiingereza kikavu. Ni mazuri sana, lakini yalisomwa zaidi darasani kuliko ufuoni.

Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa huko Ndhiwa, ni mfano wa namna jina linavyoweza kumeza hadithi. Mtu huyu aliyesifika kwa uwezo wa kujigeuza maumbo aliishi kweli, lakini tangu mwaka wa 1968 jina lake ni la klabu ya kandanda kwanza. Ni ajabu kwamba mwenye kipaji cha kubadili sura hajatumiwa zaidi kuwakejeli wanasiasa wanaohama vyama kila baada ya miaka mitano. Labda mfano huo ni dhahiri mno.

Leo kazi kubwa ya kuvigeuza visasili hufanyika katika tamasha za kitaifa za muziki na za drama za shule, ambako wanafunzi hukariri mashairi kwa pamoja kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha za mama. Mashairi hayo huandikwa na walimu, hufanyiwa mazoezi kwa miezi, hushangiliwa kwa dakika chache, kisha karatasi zake hutupwa. Ni machache mno yanayofika kitabuni. Mtafiti wa baadaye atakayetaka kujua vijana wa Rongo au Mbita waliionaje nchi yao atakuta pengo.

Migori, kwa upande wake, ina mnara mkubwa ambao ushairi haujautendea haki. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila udongo wala saruji na kusimama kwa karne kadhaa, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2018. Jina lake hukumbusha msitu mnene wa kutisha na ngome. Vikundi mbalimbali vya watu viliishi humo kwa zamu, vikizirekebisha kuta walizozikuta. Hakuna shujaa mmoja anayezimiliki, hakuna usaliti wa mwanamke, hakuna mungu. Ni mawe yaliyopangwa na mikono mingi isiyotajwa, na wageni waliofika wakayapanga tena.