Jebel Akhdar: Mlima wa zabibu na marashi

Mabustani ya Jebel Akhdar nchini Oman yamedumu vizazi vingi kwa maji yanayogawanywa kwa zamu. Je, nani atabaki kuyatunza?

Anayeondoka kwa gari kwenye eneo huru la uwanja wa ndege wa Dubai aweza, kwa safari ya siku moja, kuufikia mlima usiofanana na jangwa aliloliacha nyuma. Huo ni Jebel Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, ulioko Oman ya ndani. Kwenye uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hustawi zabibu, makomamanga na mawaridi.

Mwishoni mwa mwaka 1835, afisa wa wanamaji wa Kiingereza, Luteni James Wellsted, aliupanda mlima huo. Mtawala wa Oman na Zanzibar wakati huo alikuwa Sayyid Said bin Sultan. Katika kitabu chake cha mwaka 1838, Wellsted alieleza kwamba watu wa kabila la Bani Riyam walitengeneza mvinyo kwa zabibu zao na kuunywa. Ni habari ya kushangaza katika nchi ya Kiislamu.

Leo mlima huo unasifika zaidi kwa marashi. Mawaridi huchumwa kila mwaka majira ya machipuko na kupikwa, yakatoa marashi kama yale wanayonyunyiziwa wageni katika maulidi na harusi za pwani ya Afrika Mashariki.

Mwenye miguu imara na afuate njia ya mawe inayounganisha vijiji vya Al-Aqr, Al-Ayn na Ash-Shirayjah. Atapita kando ya matuta yaliyopangwa kama ngazi ubavuni mwa bonde, na ya falaj, mfereji unaoyanywesha. Kila mkulima ana zamu yake ya maji. Mwaka 2006, UNESCO iliiweka mifereji mitano ya Oman katika orodha ya urithi wa dunia, ukiwemo wa Al-Khatmeen ulioko chini ya mlima huu.

Katika vita vya mwaka 1957 hadi 1959, baina ya Imamu Ghalib bin Ali na Sultan Said bin Taimur, ndege za Uingereza zilivishambulia vijiji vya mlimani. Hata hivyo kilimo hakikufa.

Mtihani wa sasa hauna kishindo. Vijana wengi wamefuata kazi mijini, na watafiti wameona kwamba baridi inayohitajiwa na miti ya matunda inapungua. Matuta yaliyostahimili mabomu yaweza kukauka kimya kimya, pale zamu ya maji itakapofika na mwenyewe hayupo.