Vijiti vya Cuisenaire na Chimbuko la Fikra za Aljebra kwa Watoto Wadogo
Mwaka 1952 Georges Cuisenaire, mwalimu wa mji wa Thuin nchini Ubelgiji, alichapisha kitabu kuhusu vijiti vya mbao vya rangi 10, vyenye urefu wa sentimita 1 hadi 10. Vijiti hivyo havikuandikwa namba, na hapo ndipo ulipo uzito wake. Caleb Gattegno, aliyeviona mwaka 1953, alitambua kuwa mtoto anayeunganisha kijiti chekundu na cha kijani hafifu, akapata urefu wa kile cha njano, amekwisha kuona mlinganyo hata kabla ya kujua kwamba 2 na 3 ni 5. Katika ufundishaji wake, herufi za rangi zilitangulia tarakimu. Mwalimu aliyeharakisha kuvipa namba alivigeuza kuwa vihesabio tu.