Geji ya mafuta inapodanganya: hatua za kuikagua kabla ya safari

Gari linalotoka Namawala kwenda Ifakara wakati wa masika hubeba abiria, magunia ya mpunga na mara nyingine mgonjwa wa kupelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Likiishiwa mafuta katikati ya matope, msaada unaweza kuchukua saa nyingi kufika. Ndiyo maana geji mbovu si kasoro ya kuizoea. Ukaguzi wake ni mmoja kwa Noah, Land Cruiser au hata gari la watalii lenye vitanda ndani.

Inavyofanya kazi
Ndani ya tangi kuna boya linaloelea juu ya mafuta. Boya limefungwa kwenye mkono unaopanda na kushuka, na mkono huo hubadilisha ukinzani wa umeme kwenye sensa. Waya hupeleka mabadiliko hayo kwenye dashibodi, nao mshale husogea. Tatizo basi liko sehemu moja kati ya hizi: fyuzi, waya, sensa au geji yenyewe.

Anza na mambo mepesi
Egesha gari mahali tambarare, kwa sababu kwenye mteremko mafuta huegemea upande mmoja na boya hutoa kipimo cha uongo. Kama Land Cruiser yako ina matangi mawili, hakikisha swichi iko kwenye tangi unalolipima. Kisha tazama geji ya joto. Ikiwa nayo haifanyi kazi, kagua kwanza fyuzi na umeme unaoingia kwenye dashibodi.

Kagua nyaya
Fuatilia waya hadi kwenye plagi iliyo karibu na tangi. Gari lililopita kwenye maji na matope mara nyingi huwa na kutu hapo. Zima gari, chomoa plagi, isafishe na uikaushe. Usisahau waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi ya gari: ukilegea au ukipata kutu, mshale hurukaruka au hutoa kipimo kisicho sahihi.

Pima sensa
Gari likiwa limezimwa na plagi imechomolewa, fundi apime ukinzani wa sensa kwa mita. Katika Land Cruiser nyingi za zamani, ukinzani ni takriban omu 3 tangi likijaa na takriban omu 110 likiwa tupu. Aina nyingine zina vipimo tofauti, hivyo fuata kitabu cha gari lako. Mita isiposoma chochote, sensa imekatika ndani. Kipimo kisipobadilika hata baada ya kuongeza mafuta, huenda boya limetoboka na kuzama, au mkono wake umekwama. Sensa ikiwa nzima, rudi kwenye waya, kisha geji.

Tahadhari
Sensa itolewe na fundi, nje, mahali penye hewa, betri ikiwa imefunguliwa. Pasiwe na sigara, kibatari wala jiko karibu. Tangi linaloonekana tupu bado lina mvuke wa petroli unaoweza kulipuka, kwa hiyo lisichomelewe kabla ya kusafishwa kitaalamu.

Wakati unasubiri vipuri
Tumia kilomita badala ya mshale. Jaza tangi na uandike namba ya kilomita. Ukijaza tena, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Kwa mfano, kilomita 320 kwa lita 40 ni kilomita 8 kwa kila lita. Njia yenye matope hula mafuta zaidi, hivyo ongeza mafuta tangi likiwa limebaki nusu kwa hesabu yako. Wenye gari la dizeli wazingatie zaidi: tangi likikauka, hewa huingia kwenye mfumo, na hata ukipata mafuta, gari linaweza kugoma kuwaka mpaka hewa hiyo itolewe.