Habari za Mwili Kupungua katika Mtaa wa Kariakoo

Mtu anayerudi Kariakoo baada ya kupasuliwa tumbo ili apungue uzito hurudi katika mtaa ambao, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, umezoea kuusoma mwili wa mwanadamu kama watu wasomavyo waraka uliotoka mbali: mwili uliojaa ukiwa habari ya neema na siha, na mwili uliokonda ukiwa habari ya njaa, au ya maradhi, au ya msiba ambao jamaa hawajautangaza. Tabibu humweleza mgonjwa habari za tumbo lake jipya, na hiyo ndiyo kazi yake. Lakini macho ya majirani nayo yana tarikhi yake, na asiyeijua tarikhi hiyo hatafahamu kwa nini mgonjwa aliyepungua kwa kadiri ile ile iliyotarajiwa huweza kuyaacha masharti yake kwa sababu zisizotoka tumboni mwake hata kidogo.

Tarikhi hiyo yaanza na watu waliokonda bila ya kupenda. Muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya 1914, serikali ya Wajerumani ilikuwa imejenga banda la soko upande wa magharibi wa mji. Vita vikaingia, na Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam katika mwezi wa Septemba 1916, mahali pale pakageuzwa kambi ya Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi, ambalo jina lake, kwa matamshi ya wenyeji, ndilo lililobaki kuwa jina la mtaa. Wapagazi hao, waliokusanywa kutoka Kenya, Uganda na nchi za Tanganyika yenyewe, wengi wao kwa nguvu, walichukua risasi, unga na majeruhi katika njia ambazo gari halikupita na mnyama hakudumu kwa sababu ya mbung'o. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, waliofariki katika utumishi wa Waingereza walizidi 40,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Posho yao ilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya, ukapikwa nusu kwa kukosa kuni, maji, chungu na wasaa. Na tumbo la mtu aliyelelewa kwa ndizi au kwa mtama, likipewa unga mbichi siku baada ya siku, lilichubuka, likaingiwa na kuhara damu, hata kila alichokula kikapita bila ya kumfaa. Katika karatasi za maofisa vipimo vya posho vilitimia. Katika miili ya wapagazi havikutimia, maana lishe si kile kiwekwacho mkononi mwa mtu bali ni kile ambacho utumbo wake umekubali kukipokea. Jambo hili namwomba msomaji alihifadhi, kwa kuwa tutakutana nalo tena, katika sura nyingine kabisa, ndani ya chumba cha upasuaji.

Vita vilipokwisha, banda likarudishiwa kazi liliyojengewa, na soko likafunguliwa mwaka 1923. Mwaka uliofuata mji ukagawanywa kwa kanuni za ujenzi katika sehemu za Wazungu, Wahindi na Waafrika, na Kariakoo, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, pakawa makao ya Waafrika: nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na ukumbi katikati, na uani nyuma, ambako wapangaji wa makabila mbalimbali walipikia mafiga yakikaribiana, kila mmoja akijua mwenzake amekula nini usiku ule au amelala na njaa. Hapo, katika uani, ndipo elimu ya mtaa juu ya mwili ilipokuzwa. Wazaramo, wenyeji wa nchi, walikuwa na desturi ya kumweka ndani msichana aliyevunja ungo, miezi kwa miezi, na zamani zaidi ya hapo, asichomwe na jua wala asichoshwe na kazi, akilishwa na kufundwa. Naye Bibi Marja-Liisa Swantz, mtaalamu wa Kifini aliyeishi Uzaramoni katika miaka ya 1960, ameiandika desturi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Siku ya kutolewa, mwali alitoka amenawiri na kunenepa, na unene ule ulikuwa ushahidi mbele ya watu wote kwamba nyumba yake haikushindwa kumlisha. Sioni haki kuwacheka watu hao leo kwa jina la elimu ya kisasa. Katika nchi ambayo njaa ilirejea kila baada ya miaka michache, mafuta ya mwilini yalikuwa akiba halisi, na aliyeyastahi alistahi uhai.

Njaa nayo haikuusahau mji. Katika Vita vya Pili vya Dunia chakula kiligawiwa kwa cheti, na mgawo ukafuata rangi ya mtu, hata aliyezoea kula wali au mkate akaambiwa kwamba yeye ni mtu wa mahindi; na ukiwasikiliza wazee wa mjini, dharau hiyo iliwachoma kuliko upungufu wenyewe. Baada ya uhuru, jengo kubwa la soko lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye ghorofa ya chini ya ardhi na mapaa yaliyofunguka juu mfano wa miavuli iliyopinduliwa ili kuyakinga maji ya mvua, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere katika Desemba 1975, mara tu baada ya miaka ya ukame iliyoilazimisha serikali kuagiza nafaka kutoka nje. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa imeundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na adui aliyewekwa mbele yake alikuwa utapiamlo wa watoto wachanga, ukosefu wa damu, na rovu. Unene haukuwa katika orodha ya maadui. Kisha vikaja vita vya Kagera, na foleni za miaka ya mwanzo ya 1980, ambazo mtu aliyezipanga akiwa mtoto hawezi kumtazama mwenzake akiacha chakula kwenye sahani bila ya moyo wake kushtuka.

Na kabla foleni hazijakwisha, likaingia jambo lililoziba kabisa mlango wa wembamba. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na muda wa miaka ishirini, mpaka dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za serikali mnamo 2004, mji ulijifunza kumtambua mgonjwa kwa shingo, kwa mashavu na kwa nguo zilizompwaya. Mtu aliyekonda kwa sababu ya kisukari, au ya kifua kikuu, au ya huzuni tu, alihukumiwa pamoja na wengine. Wanawake walivaa gauni juu ya gauni. Hofu hiyo haikuondoka siku dawa zilipofika, na mtu mwenye umri wa miaka hamsini Kariakoo leo anayo bado machoni mwake.

Haya yote yakumbukwe, maana neema ilipokuja ilikuta watu wenye kumbukumbu hizo. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mafuta ya kula, sukari, ngano na soda vilijaa madukani. Sembe jeupe likalisukuma dona kando. Chipsi zilizokaangwa pamoja na mayai zikawa chakula cha kila kona. Na kazi za kukaa kitako zikaongezeka, mfanya biashara akishinda dukani tangu asubuhi hadi magharibi na kurudi kwake kwa daladala. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi kiasi, na mijini hali ikazidi ya mashambani. Kisukari na shinikizo la damu vikafuata.

Kwa wachache ambao unene umekwisha kuwa maradhi yenyewe, utabibu una njia ya kisu, nayo ina umri mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, huko Marekani, Edward Mason aliona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walishindwa kunenepa tena. Na mwaka 1966, pamoja na Chikashi Ito, akaanza kulifanya kusudi jambo lililokuwa likitokea kwa ajali. Wengine waliomfuata wakaunganisha utumbo kwa namna iliyobuniwa zamani na César Roux, mpasuaji wa Lausanne, na tangu 1994 kazi ikaweza kufanywa kwa matundu madogo badala ya kulifungua tumbo zima. Mpasuaji hutenga sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa chakula, isiyozidi kikombe kidogo cha kahawa, kisha huiunganisha na utumbo mwembamba mahali pa chini, hata chakula kikauruka mfuko mkubwa na mwanzo wa utumbo. Mtu hushiba kwa matonge machache, na vichocheo vya njaa na vya sukari mwilini hubadilika, kiasi kwamba kisukari cha baadhi ya wagonjwa hutulia kabla kilo zenyewe hazijashuka.

Lakini mwanzo ule wa utumbo unaorukwa ndio hasa unaopokea madini ya chuma, na mfuko mkubwa uliorukwa ndio unaotoa kitu kinachoiwezesha vitamini B12 kuingia damuni. Hapa ndipo hali ya mpagazi wa 1916 inapotujia tena: chakula kipo, kimeliwa, nacho chaweza kupita bila ya kumfaa mlaji. Mgonjwa anayetapika kwa majuma mfululizo baada ya upasuaji aweza kuishiwa vitamini B1, akapata udhaifu wa miguu na mchafuko wa akili, maradhi ya ukoo mmoja na yale ambayo Mholanzi Christiaan Eijkman aliyafuatilia huko Java kwa kuku waliolishwa mchele mweupe, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Kwa hiyo vidonge vya vitamini, chuma na kalsiamu, na vipimo vya damu kila mwaka, ni wajibu wa umri mzima, nami nasikitika kila nisikiapo mtu akisema ameviacha kwa kuwa anajisikia mzima.

Kuhusu chakula, soko la Kariakoo lina karibu kila kitu anachohitaji mgonjwa huyu, ila mazoea ya meza yetu yanampinga. Majuma ya kwanza ni ya vinywaji na mchuzi uliochujwa, kisha vitu vilivyopondwa, kisha vilaini, na baada ya miezi miwili hivi chakula cha kawaida kwa kipimo kidogo. Atakiwa kupata gramu 60 hadi 80 za protini kila siku, naye aanze kuila hiyo kabla ya kingine chochote: samaki wa soko la Feri aliyechemshwa, yai, mtindi usiotiwa sukari, kunde na choroko zilizopondwa, au dagaa wakavu waliosagwa, ambao ni hazina kubwa kwa bei ndogo. Ugali, ambao kwetu ndio chakula chenyewe na vingine vyote ni kitoweo, huwa ndio adui mgumu, maana tonge hukwama na kuijaza nafasi yote. Chai ya rangi iliyozoeleka juu ya chakula huzuia chuma kupokewa. Soda au kipande cha kashata chaweza kumtoa jasho, kumwendesha moyo mbio na kumharisha, kwa sababu sukari humwagika utumboni kwa ghafla. Maji hunywewa kwa mafundo madogo mchana kutwa, wala si pamoja na chakula. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani, hasa katika mwaka wa kwanza, humtaka mgonjwa amwendee tabibu na shekhe wake mapema, na ruhusa ya mgonjwa katika sharia ni pana.

Maendeleo ya kilo nayo yaelezwe kwa uwazi. Mwanamke mwenye kilo 120, ambaye uzito unaomfaa ni 70, amezidi kwa 50. Katika mwaka mmoja na nusu aweza kupoteza theluthi mbili hivi za ziada hiyo, akatua katika 87 au karibu na hapo, na baada ya mwaka wa pili kilo chache aghalabu hurudi. Kwa tabibu hayo ni mafanikio makubwa. Lakini kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kilo zikiwa bado zashuka kwa kasi, nywele hupukutika na ngozi ya shingo na mikono hulegea, na hizo ndizo dalili zile zile ambazo mtaa ulifundishwa kuzisoma tangu 1983. Minong'ono huanza. Mama mkwe hupika pilau na kukaa akimtazama mkazamwana, na katika harusi asiyemaliza sahani huonekana ama amedharau ama ameficha jambo. Juu ya hayo, uzazi huwa mwepesi zaidi baada ya unene kupungua, ilhali matabibu humtaka mama asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kubeba mimba, na si rahisi kumweleza shangazi subira ya namna hiyo.

Siku hizi Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, huwawekea watu puto tumboni ili wapungue, matibabu yasiyo na kisu na yasiyo ya kudumu. Baadhi ya wenye uwezo husafiri India kwa upasuaji kamili, wakarudi na cheti cha mpasuaji na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa jiko la nchi nyingine. Orodha hiyo yafaa iandikwe upya hapa hapa, kwa majina ya vitu vinavyouzwa Kariakoo na kwa vipimo vya upawa na kikombe. Na siku mgonjwa anapoelezwa masharti yake, aitwe pamoja naye yule anayepika nyumbani, akiwa ni mama, mke, dada au mtumishi, asikie kwa masikio yake kwamba mgonjwa atakonda, nywele zitapungua na kuota tena, na kwamba sahani iliyobaki nusu haikukusudiwa kumvunjia mpishi heshima.