Ardhi ya Songwe Ilivyotikisika

Desemba 13, 1910, mchana, nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa ilitikisika kwa nguvu ambayo wataalamu, baada ya kupitia kumbukumbu za vipimo vya wakati ule, wameikadiria kuwa 7.4. Karne nzima ya 20 Afrika Mashariki haikupata tetemeko kubwa kuliko hilo. Enzi hizo ni za Wajerumani. Kuta za mawe na matofali zilipasuka, lakini kuta za namna hiyo zilikuwa chache. Wanyamwanga, Wanyiha na Wawanda walikaa katika nyumba za miti, udongo na nyasi, na nyumba ya fito huyumba; hata ikilala, aliyemo hutoka.

Chanzo ni Bonde la Ufa. Ziwa Rukwa limo ndani ya ufa huo, na halina mto wa kutolea maji. Mito Momba na Songwe huingia humo (si ule Songwe wa mpakani na Malawi, ambao huelekea Ziwa Nyasa), kisha jua ndilo linaloyapunguza maji. Kwa hiyo ziwa hutanuka na kunywea: mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa kilometa 50 hivi, na kufikia 1939 lilikuwa limefika karibu 128. Mkulima wa Kamsamba anaipenda mbuga ya kando ya ziwa hilo kwa mpunga wake, na ndiyo hiyo inayomletea mafuriko.

Ndiyo pia inayozaa nzige wekundu. Nyasi za mbuga za Rukwa ni miongoni mwa mazalio yao makuu, na baa la kuanzia 1930 hadi 1944 lilitapakaa sehemu kubwa ya Afrika kusini ya ikweta. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia. Walipozidi tena mwaka 2009, FAO ilisaidia kuwanyunyizia dawa iliyotengenezwa kwa kuvu. Nzige, basi, wamepata walinzi wao tangu zamani. Tetemeko halijapata.

Desemba 2009 ilikuwa zamu ya Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe wa mpakani. Ardhi ilitikisika kwa majuma, pigo kubwa likiwa la 6.0, na maelfu ya watu wakakosa makazi. Mwaka 2016, mwaka uleule Songwe ilipotengwa na Mbeya kuwa mkoa, tetemeko la 5.9 liliua watu 17 Kagera. Tetemeko la 1910 lilitoa nishati zaidi ya mara mia ya hilo la Kagera.

Tangu 1910 kilichobadilika ni nyumba. Barabara kuu, reli ya TAZARA na biashara ya mpakani na Nakonde zimeikuza Tunduma. Mlowo na Vwawa nazo zimejaa. Watu wameacha fito wakashika matofali ya kuchoma, nami siwalaumu: nyumba ya tofali ni heshima, haivuji wala hailiwi na mchwa. Lakini tofali haliyumbi, huanguka. Kinachozishika kuta zisiachane ni mkanda wa zege wenye nondo, unaozizunguka zote juu ya milango na madirisha, na fedha zikipungua mwenye nyumba humwambia fundi aweke linta za milango tu. Halmashauri zetu zinatoa vibali vya ujenzi. Mkanda huo ukaguliwe kabla ya bati kupanda.